Barua ya wazi: anayetazama, anayerusha na anayeuza linki si mtu mmoja

Kwa Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia mawasiliano, sanaa na michezo, Waheshimiwa Wabunge, Mkurugenzi wa Mashtaka, na wakuu wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na COSOTA (ofisi ya hakimiliki),

Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kina maneno machache, lakini yanatosha kumfunga kijana aliyeelekeza simu yake kwenye televisheni ya nyumbani wakati wa Dabi ya Kariakoo na kubonyeza kitufe cha laivu. Kinakataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu zinazolindwa na sheria yoyote. Simu ni mfumo wa kompyuta. Asiyefanya biashara adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliyefanya biashara ni faini isiyopungua milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Juu ya hapo mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia.

Tunaomba msome tena neno "isiyopungua". Limeweka sakafu, dari halipo. Hakimu aliyesimamishiwa mbele yake mwanafunzi aliyewarushia wenzake 12 kwenye grupu la WhatsApp hana ruhusa ya kusema faini laki moja inatosha. Ama amtie hatiani kwa milioni 5 au miaka 3, ama amwachie kabisa. Sheria ya namna hiyo huwa na mwisho wa aina mbili. Polisi na waendesha mashtaka wanaona adhabu haifanani na kosa, wanaacha kuitumia, na muuza linki mkubwa, anayewauzia watu njia ya kutazama matangazo ya wizi, anapona pamoja na mtoto wa shule. Au siku moja mtu anaamua kuitumia, na wa kwanza kunaswa ni yule aliye karibu, asiye na wakili.

Tutumie hesabu. Chukua banda umiza lenye viti 60, kiingilio sh 500. Likijaa, mechi moja inaingiza sh 30,000, kabla ya umeme, kodi ya chumba na mshahara wa kijana wa mlangoni. Mwenye banda akionyesha mechi kutoka kwenye linki ya wizi, anafanya biashara, kwa hiyo faini yake inaanzia milioni 20. Hayo ni mapato ghafi ya mechi 667. Kwa mechi 3 kwa wiki, ni zaidi ya miaka 4 ya banda lililojaa kila mechi. Sasa chukua muuzaji mwenye wateja 300 kwenye chaneli ya Telegram, kila mmoja akimlipa sh 10,000 kwa mwezi. Hana viti, hana mlango, na mapato yake ni milioni 3 kwa mwezi. Faini ileile ya milioni 20 anaimaliza kabla miezi 7 haijatimia. Kwa mmoja faini hiyo ni kufilisika. Kwa mwingine ni gharama ya kuendesha biashara.

Mtazamaji naye hajulikani yuko wapi katika sheria hii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye matangazo haki ya kuzuia watu wasiyarushe upya, wasiyarekodi na wasiyanakili. Haikuandikwa kwa ajili ya mtu aliyelala kitandani na simu mkononi. Kukodolea macho kioo hakumo katika orodha hiyo. Lakini simu haichezeshi video bila kwanza kuhifadhi vipande vyake kwenye kumbukumbu kwa sekunde chache, na mwendesha mashtaka mwenye bidii anaweza kusema hiyo ni nakala. Hoja hiyo si ya kufikirika. Tarehe 26 Aprili 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya visanduku vya televisheni vilivyouzwa Uholanzi vikiwa vimeshapangiwa linki za wizi, iliamua kwamba nakala hizo za muda haziwi halali iwapo mtazamaji ameifuata kwa kujua kazi iliyorushwa bila ruhusa. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, ila wakili yeyote anaweza kuusoma kwa sauti mbele ya hakimu wetu. Kama Bunge halikukusudia kumfunga mtazamaji, liseme. Kama lilikusudia, liseme pia, kwa Kiswahili ambacho muuza chipsi anakielewa.

Wenzetu waliotangulia wametenganisha watu hawa. Uingereza, anayepokea matangazo kwa hila ili asilipe anaangukia kifungu cha 297 cha sheria yao ya hakimiliki ya mwaka 1988, na adhabu yake ni faini tu. Waliouza matangazo ya wizi kwa wateja zaidi ya 50,000 walihukumiwa katika mji wa Derby mwezi Mei 2023 kwa kula njama ya ulaghai: watu watano, jumla ya zaidi ya miaka 30 jela, kiongozi wao miaka 11. Marekani, sheria iliyosainiwa Desemba 2020 inamlenga anayeendesha huduma ya kurusha kazi za watu kwa faida. Kifungo ni hadi miaka 3, hufika 5 kwa kazi iliyoandaliwa kuonyeshwa kibiashara, na 10 kwa aliyerudia. Mtazamaji hayumo. Baa inayonasa pambano la ngumi la kulipia na kulionyesha bila leseni hushtakiwa kwa madai. Fidia inaanzia dola 1,000 hadi 10,000 kwa kosa, inaweza kuongezwa hadi 100,000 kwa aliyefanya kusudi kwa ajili ya faida, na jaji ana ruhusa ya kuishusha mpaka 250 kwa asiyejua kwamba anakosa. Hapo pana ngazi: hakimu anaweza kupanda na anaweza kushuka. Kifungu chetu cha 24 kina vidaraja viwili, na cha chini tayari ni kirefu kuliko kipato cha mwaka cha watu wengi wanaosogelea laivu za kwenye simu.

Kuna tukio moja la nje tunalolitaja kwa sababu linafanana sana na yanayotokea kwetu. Februari 2017, Australia, pambano la ngumi la Mundine na Green liliuzwa na Foxtel, kampuni ya televisheni ya kulipia, kwa dola za huko 59.95. Wanaume wawili, kila mmoja nyumbani kwake, waliwasha Facebook na kuelekeza simu kwenye televisheni. Laivu zao zilitazamwa na watu zaidi ya laki moja. Mmoja alipigiwa simu na kampuni pambano likiwa bado linaendelea, akaambiwa azime. Walijuaje ni yeye? Kisimbuzi chake kilikuwa kimeandika namba ya akaunti kwenye picha. Kampuni ilitangaza kuwafungulia mashtaka, kisha ikakubali msamaha wa hadharani na mambo yakaishia hapo.

Namba hiyo kila mwenye kisimbuzi ameshaiona. Katikati ya mechi, pembeni au juu ya majani ya uwanja, linatokea fungu la tarakimu, linakaa sekunde chache, linapotea, kisha linatokea mahali pengine. Wengi wanadhani ni hitilafu ya mitambo. Ni alama ya utambulisho: inahusiana na kadi au kisimbuzi kilichoko mbele yako, na anayenasa laivu ya wizi akiiona tu anajua imetoka nyumba gani. Warushaji wakubwa huziba eneo hilo kwa ukungu au bango la kampuni ya kubeti. Ndiyo maana zipo pia alama fiche zilizofumwa ndani ya picha yenyewe, ambazo jicho halizioni. Kwa hiyo chombo cha kumfikia mtu wa chanzo kipo tayari mikononi mwa wenye matangazo. Hatua ya kwanza, kuizima kadi ile katikati ya mchezo, haihitaji polisi wala mahabusu. Tunaomba sheria iwatake wenye haki waanze na hatua hiyo na waweke kumbukumbu yake, kabla ya kupeleka jalada kituoni.

Muda ndio unaoharibu mambo mengi. Kifungu cha 45 cha sheria yetu kinamruhusu mwenye haki kumwandikia mtoa huduma ilani ya kuondoa maudhui, na ni jambo jema. Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2019, waliweka saa 48 tangu ilani kupokelewa. Saa 48 zinatosha kwa wimbo au filamu. Mpira ni dakika 90 na mapumziko ya 15. Ilani iliyoandikwa kipindi cha kwanza inafika kwa mtu wa zamu linki ikiwa imeshakufa na nyingine imeshafunguliwa. Thamani yote ya mechi imo ndani ya saa hizo mbili. Kesho yake hakuna anayeilipia.

Lakini tusikimbilie kukata kila kitu. Italia walipitisha sheria Julai 2023 inayotaka linki izibwe ndani ya dakika 30, na mtambo wa kuziba ukaanza kazi Februari 2024. Oktoba mwaka huohuo ukaziba anwani ya Google Drive, na watu wasiohusika na mpira wakashindwa kufungua mafaili yao. Na hatari haiko kwenye majina ya tovuti tu. Anwani moja ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) inaweza kubeba maelfu ya tovuti zilizojificha nyuma ya kampuni moja ya kusambaza maudhui. Ukiiziba kwa ajili ya mwizi mmoja, umefunga mtaa mzima. Sheria yetu yenyewe haimlazimishi mtoa huduma kuchungulia kila kinachopita kwenye mtandao wake, na hilo libaki hivyo.

Utaratibu tunaopendekeza ni huu. Mwenye haki asajili mechi TCRA angalau saa 72 kabla, akionyesha mkataba wake. Siku ya mechi, ilani iende kwa njia ya kielektroniki kwa afisa wa zamu wa mtoa huduma, ikitaja jina kamili la tovuti au linki, picha ya kioo yenye alama ya utambulisho, na saa. Mtoa huduma awe na dakika 30. IP peke yake isikubaliwe bila uthibitisho kwamba hakuna tovuti nyingine juu yake. Kizuizi kifunguke chenyewe saa moja baada ya kipenga cha mwisho, labda mahakama iseme vinginevyo. Orodha ya vilivyozibwa iwekwe wazi kila wiki ili aliyeonewa ajitokeze. Na anayetoa ilani ya uongo awe na adhabu. Kenya wameliandika hilo kwenye sheria yao, na sisi hatuna sababu ya kuliacha.

Sasa ushahidi, eneo ambalo kesi nzuri zinafia na watu wasio na hatia wanaweza kuumia.

Mitandao ya simu haina anwani za IP za kumtosha kila mteja, kwa hiyo mamia ya laini hugawana anwani moja kwa wakati mmoja. Ukimpelekea mtoa huduma IP na tarehe tu, umemwomba amtaje mtu mmoja kati ya umati. Zinahitajika IP, namba ya poti (inayotofautisha wanaogawana anwani moja), na saa mpaka sekunde. Saa nayo ina mtego wake kwetu. Mechi ya saa 4 usiku ni saa 22:00 kwenye simu, na kwenye kumbukumbu za seva nyingi ni 19:00, kwa sababu seva hutunza saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Shahidi akieleza "saa 4", karani akaandika 4:00, mtaalamu akasoma kama alfajiri, mtakuwa mmeomba rekodi za muda ambao mtuhumiwa alikuwa amelala. Akibadilisha kwa kutoa saa 3 mara mbili, jina linalorudi ni la mteja mwingine kabisa. Tunaomba fomu moja ya kitaifa ya ushahidi wa laivu, yenye visanduku vitatu vya saa: ya Kiswahili, ya saa 24, na ya UTC.

Picha ya kioo peke yake nayo ni dhaifu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi ushahidi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na mwanzilishi wake alivyotambuliwa. Mpelelezi arekodi video isiyokatwa kuanzia anapofungua linki, saa ya kifaa ikionekana, anwani kamili ya ukurasa ikionekana, na alama ya kisimbuzi ikipita angalau mara moja. Kwa muuzaji, afanye manunuzi ya majaribio: alipie, ahifadhi ujumbe wa muamala, jina lililotokea kwenye lipa namba, na jina la mtumiaji alilopewa. Miamala ya miezi 6 ya namba hiyo inaeleza ukubwa wa biashara kuliko maneno ya shahidi yeyote. Akichukua televisheni na visimbuzi, hati ya ukamataji itaje namba ya kila kifaa; kuandika "TV moja nyeusi" hakutoshi.

Kuhusu mabanda, tunaomba mtuvumilie kidogo, maana ndiko mpira unakotazamwa na wasio na kisimbuzi. Mengi yanaonyesha kwa kifurushi cha nyumbani. Hiyo tayari ni kuvunja mkataba, hata kama kadi imelipiwa kihalali, kwa sababu kifurushi cha nyumbani hakiruhusu kutoza kiingilio. Kifurushi cha biashara kinapokuwa ghali kwa chumba cha mabati, mwenye banda anahamia kwenye linki, na hapo anavuka kutoka mgogoro wa mkataba hadi jinai ya milioni 20 bila kuona mpaka. Tofauti hiyo kubwa imebebwa na waya mmoja: jana aliuchomeka kwenye kisimbuzi, leo ameuchomeka kwenye simu.

Mwekeeni leseni ya banda inayopimwa kwa viti, kwa mwezi, ilipwe kwa simu, ipatikane ofisi moja. Leo mtu huyu anaweza kudaiwa karatasi na halmashauri, na watu wa filamu, na watu wa hakimiliki, kila mmoja kwa siku yake. Namba ya leseni ibandikwe mlangoni, na mwenye matangazo aweze kuihakiki kwa ujumbe mfupi. Fedha za leseni zigawanywe kwa wenye haki kwa uwiano wa mechi zilizoonyeshwa. Azam Media na TFF, shirikisho la soka nchini, walisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu. Klabu zinalipa mishahara kutokana na fedha za namna hiyo. Anayeiba matangazo ya ligi yetu anamgusa mchezaji wa klabu ndogo ya mkoani, ambayo haina mdhamini mkubwa wa kuifidia. Tunalisema hili kwa dhati, kwa sababu kutetea adhabu ya haki si kutetea wizi.

Na wenye matangazo mnaosoma barua hii pembeni ya viongozi: uzeni mechi moja moja. Laivu ya wizi si ya bure. Picha ya kawaida ya megabiti 1.5 kwa sekunde hutafuna takribani GB 1.35 kwa saa mbili, na ya megabiti 3 hutafuna GB 2.7. Mtazamaji ameshalipia bando hilo, kisha anakwama kwama, na jirani anashangilia bao yeye akiona mpira bado uko katikati ya uwanja. Mtu anayevumilia hayo yote ana fedha kidogo mkononi na yuko tayari kuzitoa, ila hana za mwezi mzima.

TCRA, tunaomba jambo moja lisilohitaji Bunge. Programu nyingi za mpira wa bure hazipatikani kwenye duka rasmi la simu. Mtu anatumiwa faili kwenye grupu, anaambiwa aruhusu usakinishaji kutoka chanzo kisichojulikana. Zikiisha kuingia, baadhi huomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi. Programu ya kutazama mpira haina kazi na ujumbe wako. Anayeutaka ni mtu anayesubiri namba ya uthibitisho ya benki au ya pesa za simu. Tumeni tahadhari hiyo kwa kila laini kabla ya msimu kuanza, pamoja na sentensi mbili: kurusha laivu ya kulipia kwenye ukurasa wako ni kosa hata kama hukulipwa, na kuuza linki ni kosa kubwa zaidi.

Kwenu Waheshimiwa Wabunge, maombi yetu juu ya kifungu cha 24 ni haya. Ondoeni "isiyopungua" na muweke "isiyozidi". Anayetazama peke yake au na familia yake awekwe nje ya jinai. Anayerusha bila faida apewe onyo la maandishi kwanza. Akirudia, faini isiyozidi laki 5. Mwenye banda asiye na leseni alipe mara tatu ya leseni ya mwaka aliyoikwepa, na afungwe tu akikaidi amri ya mahakama. Muuzaji apimwe kwa idadi ya wateja na fedha alizopokea, mapato yake yataifishwe, na kifungo kiwe juu yake na juu ya anayemuuzia ishara. Mkurugenzi wa Mashtaka, wakati marekebisho yakisubiriwa, tunaomba mwongozo wako wa maandishi kwa mikoa yote kwamba jalada la mtazamaji au la laivu isiyo ya faida lisifunguliwe mahakamani bila kibali cha ofisi yako.

Rasimu ya kifungu kipya na nakala ya fomu ya ushahidi tuko tayari kuziwasilisha mbele ya kamati ya Bunge siku yoyote mtakayotuita. Ligi nyingi huanza Agosti, na mwongozo wa Mkurugenzi wa Mashtaka unaweza kutoka kabla ya hapo.

Ni sisi, mawakili na mafundi wa mitandao.